Jinsi ya Kuandika Toleo Mbadala la Ulimwengu wa Njozi Unaoupenda

Mwongozo huu ni wa msomaji ambaye ameipenda hadithi fulani ya njozi kiasi cha kuisoma mara ya pili na ya tatu, na ambaye kila anapokifunga kitabu anabaki na swali linaloanza na neno "ingekuwaje". Ingekuwaje kama shujaa angeikataa safari, kama adui ndiye angekuwa msimulizi, au kama mashujaa wa vita wangekutana kwenye mgahawa wa kahawa badala ya uwanja wa mapambano? Mashabiki wa nchi nyingi huyajibu maswali hayo kwa kuandika matoleo yao wenyewe ya ulimwengu walioupenda, mengine ya kuchekesha na mengine ya kuhuzunisha, na kazi hiyo ina ufundi wake ambao mtu anaweza kujifunza.

Mfano wangu mkuu utakuwa Middle-earth ya J.R.R. Tolkien, kwa sababu ndio ulimwengu ninaoufahamu zaidi, na kwa sababu mwenyewe aliyeubuni aliucheza mchezo huu kwa bidii kuliko shabiki yeyote. Katika riwaya yake The Lord of the Rings, Frodo, hobiti, yaani mmoja wa watu wadogo wa ulimwengu huo, anasafiri na wenzake wanane kwenda kuiangamiza Pete ya adui Sauron katika nchi yake ya Mordor; miongoni mwao wamo mzee Gandalf mwenye uwezo wa ajabu, askari Boromir wa Gondor, Aragorn, na hobiti Sam, Merry na Pippin. Mahali pamoja nitamleta Fumo Liyongo, kwa kuwa anatufaa sana sisi tuliokulia kwenye hadithi zake. Hatua zote zitakazofuata zimejengwa juu ya imani moja: badilisha kitu kimoja, kisha uwe mwaminifu kwa vingine vyote. Kadiri unavyoviheshimu vile ambavyo hukuvigusa, ndivyo mchezo wako utakavyokuwa huru zaidi.

Wanaoujua utani wa jadi baina ya makabila ya Tanzania wataielewa imani hiyo bila maelezo marefu. Mtani ana ruhusa ya kusema msibani maneno ambayo mtu mwingine akiyasema atafukuzwa, lakini ruhusa hiyo imetokana na ukaribu wa vizazi, na mtani asiyemjua marehemu hana cha kutania. Hadithi unayoichezea nayo inataka uijue kwa kiwango hicho.

Hatua ya kwanza: soma upya ukiwa na daftari

Usianze kuandika kwa kumbukumbu. Kirudie kitabu, na katika daftari utenge sehemu tatu. Sehemu ya kwanza andika sheria za ulimwengu huo, yaani mambo ambayo ni kweli kwa kila mtu aliyemo, apende asipende. Sehemu ya pili andika tabia za watu, na kwa kila tabia utaje tendo linaloithibitisha, kwa maana "Boromir ni jasiri" ni maneno matupu mpaka uandike kando yake kwamba ndiye aliyewashauri wenzake wabebe kuni kabla ya kupanda mlima Caradhras, na ndiye aliyeipasua theluji kwa kifua chake na kuwabeba hobiti walipokwama. Sehemu ya tatu andika maamuzi na bahati: nani alichelewa, nani aliamua kwenda yeye badala ya mwingine, barua gani haikufika.

Sehemu ya tatu ndiyo utakayoichezea. Sehemu ya pili utaiacha ijibu yenyewe. Sehemu ya kwanza usiiguse, isipokuwa kama kuivunja sheria ndio mchezo wenyewe, na kwa mwandishi anayeanza sikushauri.

Katika Middle-earth sheria iliyo juu ya nyingine zote inahusu Pete. Pete haimsaidii mtu kutenda mema. Humwongezea nguvu kwa kadiri ya zile alizokuwa nazo, kisha humgeuza kwa kuyatumia mapenzi yake mema. Tolkien anaionyesha sheria hiyo kwa njia ambayo kila mwandishi wa matoleo mbadala anapaswa kuichunguza kwa makini. Sam, mtunza bustani, anapoichukua Pete mpakani mwa Mordor, anajiona Sam Mwenye Nguvu, shujaa wa zama zake, na kwa amri yake bonde la Gorgoroth linageuka bustani ya maua na miti yenye matunda. Galadriel, bibi wa Waelvi (Elves), anapoletewa Pete ile ile anajiona malkia mzuri na wa kutisha, ambaye watu wote watampenda na kukata tamaa. Hayo ni matoleo mbadala mawili yaliyomo ndani ya kitabu chenyewe, kila moja lina urefu wa aya moja tu, na kila moja limeumbwa kwa kipimo cha anayeliota. Mtunza bustani hakuota majeshi peke yake, aliota bustani.

Katika barua ya mwaka 1963 Tolkien aliandika kwamba Gandalf kama bwana wa Pete angekuwa mbaya kuliko Sauron, kwa kuwa angebaki mwadilifu, lakini mwadilifu anayejihesabia haki. Ukiijua sheria hiyo, hutaandika kamwe hadithi ambamo Gandalf anaichukua Pete, anamshinda adui, na watu wanakula sikukuu. Utaandika hadithi ya kutisha zaidi, ambamo kila mtu analazimishwa kuwa mwema na hapati mahali pa kulalamika. Wazo la pili lina uhai kuliko la kwanza, na limetokana na kuitii sheria.

Hatua ya pili: tafuta njia panda

Ninaita njia panda ile sehemu katika hadithi ambapo jambo dogo, lililoweza kwenda huku au kule, lilikwenda huku. Njia panda nzuri ina sifa mbili. Ni ndogo, na mabadiliko yake yanaaminika bila kumgeuza mtu kuwa mtu mwingine. "Ingekuwaje kama Sauron angekuwa na huruma" si njia panda, kwa sababu huyo si Sauron tena. "Ingekuwaje kama mlinzi angelala usingizi" ni njia panda.

Ninayoipenda kuliko zote imefichwa katika sentensi chache za Baraza la Elrond, kikao cha Rivendell kilichoamua Pete ipelekwe Mordor. Boromir anaeleza kwamba ndoto iliyowaita Rivendell ilimjia ndugu yake mdogo Faramir mara nyingi, na yeye Boromir mara moja tu. Faramir alikuwa tayari kwenda. Boromir, kwa kuwa njia ilikuwa ya hatari na yeye ndiye mkubwa, akaichukua safari. Mwaliko ulikuwa wa mwingine, na kaka mwenye upendo alisimama mbele ya mdogo wake kama ambavyo kaka wengi wangefanya. Sasa mwache Faramir aende.

Tazama jinsi njia panda hiyo ilivyokuwa wazi hata kwa watu wa hadithi yenyewe. Baadaye, baba yao Denethor, mtawala wa Gondor, anapomkemea Faramir, Faramir anamwuliza kama angependa nafasi zao zingebadilishwa, na mzee anajibu kwamba ndiyo, angependa, kwa kuwa Boromir angemletea zawadi kubwa. Gandalf anamjibu kwamba Boromir angeitwaa zawadi hiyo awe nayo mwenyewe, na aliporudi nyumbani baba asingemtambua mwanawe. Mabishano hayo ya watu watatu chumbani ni mabishano juu ya toleo mbadala. Ukikuta mahali kama hapo katika kitabu unachokipenda, weka alama, kwa sababu mwandishi amekuachia mlango.

Ukihitaji kutiwa moyo, fahamu kwamba mwandishi huyo aliibadilisha kazi yake mwenyewe baada ya kuchapishwa. Katika kitabu chake cha hobiti kilichotoka mwaka 1937, Gollum, kiumbe wa mapangoni, anaahidi kumpa hobiti Bilbo pete kama zawadi ikiwa Bilbo atamshinda katika mchezo wa mafumbo, na anapoikosa anaomba radhi na kumwonyesha njia ya kutokea. Tolkien alipoendelea kuiandika hadithi kubwa iliyofuata, pete hiyo ilikuwa imekwisha kuwa kitu ambacho hakuna mtu angekitoa kwa hiari. Toleo la mwaka 1951 likaja na Gollum mwingine, anayelia na kulaani. Kilichonishangaza nilipokifahamu kisa hicho ni kwamba toleo la kwanza halikutupwa: lilielezwa ndani ya ulimwengu wenyewe kuwa ni uongo ambao Bilbo aliwaambia wenzake ili ionekane pete ni haki yake. Kosa la mwandishi likawa dhambi ya mhusika, na uongo huo ukawa dalili ya kwanza kwamba pete ilikuwa imeanza kumwathiri.

Rasimu za awali za hadithi hiyo kubwa, ambazo Christopher Tolkien alianza kuzitoa mwaka 1988, zina mengine ya aina hiyo. Yule tunayemjua kama Aragorn alianza akiwa hobiti aliyevaa viatu vya mbao, na Frodo aliitwa Bingo. Shabiki anayetaka kuandika hadithi ya hobiti mzururaji mwenye viatu vya mbao, anayesikika akija kabla hajaonekana, hatakuwa amezua kitu kutoka hewani.

Hatua ya tatu: yafuate matokeo bila kuyapendelea

Hapa ndipo kazi nyingi za mashabiki huanguka, na hapa ndipo ninakuomba ukae muda mrefu kuliko mahali pengine. Mwandishi anaibadilisha njia panda kwa ajili ya jambo analolitaka, kwa mfano Boromir aishi, kisha anaiacha dunia yote iliyobaki iendelee kama ilivyokuwa. Dunia haiendi hivyo. Chukua karatasi kubwa, andika badiliko lako katikati, na kutoka hapo chora mishale, ukijiuliza kwa kila tukio la asili: je, hili lilimtegemea mtu ambaye sasa hayupo, na je, sasa linamkuta nani?

Tulifanye zoezi hilo kwa Faramir. Wasafiri tisa wanaondoka Rivendell tarehe 25 Desemba, naye ni mmoja wao. Jambo la kwanza kutokea ni theluji ya Caradhras, na hapo tunagundua hasara yetu ya mapema, kwa sababu mshauri wa kuni hayupo, na bega pana lililoipasua theluji limebaki Gondor. Huenda Aragorn na Faramir wakaiweza theluji hiyo kwa shida kubwa zaidi. Huenda hobiti mmoja akapoteza vidole kwa baridi. Msomaji aliyemchukia Boromir kwa miaka mingi anafika hapa na kutambua kwamba hakuwahi kumshukuru kwa zile kuni. Hiyo ndiyo aina ya ugunduzi ambao toleo mbadala linaweza kuutoa na ambao usomaji wa kawaida hupita juu yake.

Kisha wanafika kilima cha Amon Hen. Katika asili, Boromir anajaribu kumpokonya Frodo Pete, Frodo anakimbia, wenzake wanatawanyika kumtafuta, na Orki, askari wa adui, wanawakuta Merry na Pippin wakiwa peke yao na kuwateka. Faramir hatajaribu kuitwaa, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema kwamba hata angeikuta imeanguka njiani asingeiokota. Kwa hiyo Frodo hakimbii. Huenda anaagwa kwa machozi na kwa mpangilio mzuri, kila mtu akijua mwenzake anaelekea wapi.

Vizuri, utasema, mambo yamenyooka. Sasa endelea kuchora mishale. Merry na Pippin hawatekwi, kwa hiyo hawafiki msitu wa Fangorn. Wasipofika Fangorn hakuna wa kuwaamsha Enti, wachungaji wa miti wa msitu huo, na Isengard, ngome ya msaliti Saruman, haigharikishwi. Aragorn, Legolas na Gimli hawana Orki wa kuwafukuza kwenye mbuga za Rohan, kwa hiyo hawakutani na Gandalf aliyerudi kutoka mautini, na haijulikani ni nani atakayeingia naye katika ukumbi wa Théoden wa Rohan kumtoa mfalme huyo kwenye minong'ono ya Gríma, mshauri wake mdanganyifu. Kosa la Boromir, lile tendo la aibu la dakika chache, lilikuwa limebeba wokovu wa falme mbili bila mtu yeyote kujua. Mtu mwema alipochukua nafasi yake, wokovu huo ukaondoka.

Mshale mwingine unaelekea Ithilien, mpakani mwa Gondor na Mordor. Katika asili, Frodo na Sam wanakamatwa huko na askari wa Faramir, ambaye anaijua siri yao na kuwaachia waende. Katika toleo letu kiongozi wa askari hao ni Boromir, mwenye afya, anayeupenda mji wake hadi kufa, na ambaye hakuwahi kukaa mwezi mzima karibu na Pete akipambana nayo. Jaribu ambalo tulidhani tumemwondolea linamngoja mlangoni kwake, na safari hii ana watu zaidi ya 200 wenye silaha nyuma yake. Hapo ndipo hadithi yangu inapoanza. Miezi mitatu nilikuwa naandika toleo ambamo Boromir anaokoka na wote wanafurahi, na halikuwa na pumzi. Siku niliyoufuata mshale huu hadi mwisho ndipo nilipopata kitu cha kuandika.

Wanaopenda zoezi jepesi zaidi wajaribu kwanza kwa Liyongo. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo yuko kifungoni, na walinzi hula mikate mizuri anayoletewa na kumwachia ile ya wishwa wanayoidharau. Mama yake anaificha tupa ndani ya mkate wa wishwa, kijakazi Saada anaupeleka, na shujaa anakata minyororo yake huku kelele za ngoma zikiifunika sauti ya tupa. Ingekuwaje kama siku hiyo mlinzi mmoja, kijana mgeni kazini ambaye wenzake walimnyima chakula, angeung'ata ule mkate wa wishwa? Jino lingegonga chuma. Angepiga kelele, au angenyamaza na kuomba kitu? Andika ukurasa mmoja wa jibu kabla hujaendelea.

Hatua ya nne: chagua sura ya mchezo

Kupinda njia panda si sura pekee. Wapo wanaowahamisha watu wote kutoka ulimwengu wao na kuwaweka mahali pa kawaida, kama shule au mgahawa, bila uchawi wowote. Sura hiyo inaonekana rahisi lakini ina sharti gumu, kwamba kila jambo zito la asili lipate jambo jepesi linalolingana nalo. Tai wa Middle-earth, ambao Gwaihir mkubwa wao alimwambia Gandalf kwamba alitumwa kubeba habari wala si mizigo, wanaweza kuwa madereva wa bodaboda wanaochagua abiria na kukataa kuvuka mtaa fulani, na kukataa kwao lazima kuumize kwa namna ile ile.

Wapo wanaobadilisha msimulizi. Mwaka 1999 Kirill Yeskov, mtaalamu wa visukuku wa Urusi, alichapisha riwaya inayovisimulia vita hivyo hivyo kutoka upande wa Mordor, akiichukulia ile hadithi tunayoijua kuwa ni historia iliyoandikwa na washindi. Huhitaji kukubaliana naye ili ujifunze kwamba matukio yanaweza kubaki yalivyo, neno kwa neno, na maana yake yote ikageuka.

Wapo pia wanaoleta ulimwengu wa mbali nyumbani, na sisi wa Kiswahili tuna kielelezo chake tangu mwaka 1940, pale hadithi ya Alice ilipotoka London kwa jina la "Elisi katika Nchi ya Ajabu", na michoro yake ikamwonyesha msichana wa Kiafrika. Huyo si Alice aliyepakwa rangi. Anapoanguka ndani ya shimo la sungura anaanguka na jina lake na lugha yake, na msomaji aliyekua akimsikia Sungura mjanja katika ngano za bibi yake anamtazama sungura yule mwenye saa kwa mashaka ambayo msomaji wa Uingereza hakuwa nayo.

Chagua sura moja. Mbili zikichanganywa katika jaribio la kwanza huzibana pumzi.

Hatua ya tano: iache lugha ishiriki

Mashabiki wengi wanaoandika kwa Kiswahili husoma asili kwa Kiingereza, kisha huandika kana kwamba lugha ni chombo tu cha kumiminia. Si kweli. Kuna maneno ambayo ukiyatumia tu, umekwisha kuunda ulimwengu mbadala bila kukusudia.

Chukua neno "mchawi". Ukimwita Gandalf mchawi, msomaji wa Kiswahili anamwona mtu anayewanga usiku na kuwadhuru jirani zake, na Gríma anayemsingizia kwa Théoden anakuwa amesema kweli. "Mganga" linakaribia zaidi, lakini linaleta mkoba na ada. Mimi humwita "mzee Gandalf" na kuyaacha matendo yaeleze yaliyobaki, kwa sababu heshima ya neno hilo inabeba umri, hekima na haki ya kukemea bila kutaja uchawi. Vivyo hivyo naepuka kumwita Gimli mbilikimo, kwa kuwa jina hilo limetumiwa kwa dharau kwa watu halisi wa misitu ya Kongo, naandika Dwafu. Naandika Waelvi badala ya Waelfu, ili msomaji asidhani nahesabu jeshi.

Halafu kuna zawadi. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiambishi cha nafsi ya tatu. Tolkien alipomficha Éowyn, mpwa wa Théoden, katika sura ya askari aitwaye Dernhelm, ilimlazimu msimulizi amtaje kwa kiwakilishi cha kiume, yaani ashiriki katika udanganyifu. Sisi twaandika "alipanda farasi, akaufunga mkanda, hakusema neno", na hatujadanganya mtu. Kwa hiyo yeyote anayetaka kucheza na jinsia za wahusika, mchezo ambao mashabiki wanaupenda sana, anaweza kuandika sura nzima bila kufichua, mradi achunge maneno kama "kaka", "dada" na "bwana". Upande wa pili kuna gharama: yule Mfalme wa Nazgûl, watumishi wa kutisha wa Sauron, anajigamba kwa neno la Kiingereza ambalo humaanisha mtu na pia mwanamume, na Éowyn anamjibu kwamba yeye ni mwanamke. Ukiandika "hakuna mtu", jibu lake halina nguvu, na ukiandika "hakuna mwanamume", adui amejifichua mapema. Katika toleo mbadala una ruhusa ya kuibuni ahadi nyingine yenye mwanya wa Kiswahili, na ninakusihi ufanye hivyo badala ya kuuburuta mwanya wa watu.

Zawadi kubwa kuliko zote ni ngeli. Pete ni kitu, kwa hiyo "Pete ilianguka". Lakini kama katika ulimwengu wako Pete ina nia, unaweza kuivusha mpaka kwa herufi moja: "Pete alianguka." Msomaji atashtuka kabla ya kujua kwa nini. Au unaweza kuutia ukungu: "Pete ilikuwa mfukoni mwa Frodo. Ilikuwa baridi. Alikuwa akisikiliza." Nani alikuwa akisikiliza? Sarufi ya lugha chache inaweza kuuliza swali hilo kwa upole kiasi hicho, na ningependa kuona mashabiki wetu wakiitumia nguvu hiyo hadi mwisho wake.

Hatua ya sita: andika tukio moja, dogo

Usianze na historia ya miaka elfu tatu ya ulimwengu wako mpya. Andika tukio moja linaloweza kusomwa kwa dakika kumi, na ulichague lile ambamo badiliko linaonekana kwa mara ya kwanza bila mtu kulitangaza. Katika mfano wetu sikuanzia Ithilien penye mapambano; nilianzia mlimani:

"Faramir aliitazama theluji kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. 'Kaka yangu angebeba kuni,' alisema. Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa hakuna aliyebeba."

Sentensi tatu zinamwambia msomaji anayeijua asili kwamba tumo katika njia nyingine, kwamba kuna mtu asiyekuwapo, na kwamba kukosekana kwake kutagharimu. Msomaji asiyeijua asili anapata baridi na majuto ya ndugu, na hizo zinamtosha kuendelea.

Epuka maelezo ya mwandishi yanayosema "katika toleo hili". Epuka pia kumtaja kila mhusika anayependwa kwa sababu tu anapendwa. Ikiwa mchezo wako ni wa kuchekesha, mhusika asijue kwamba anachekesha. Sam anayeitawala Mordor na kuamuru Orki wapalilie matuta anachekesha kwa sababu yeye mwenyewe ana wasiwasi wa kweli juu ya mbolea.

Hatua ya saba: fahamu mipaka ya haki

Tolkien alifariki tarehe 2 Septemba 1973, na sheria ya Uingereza inazilinda kazi za mwandishi kwa miaka 70 baada ya mwaka wa kifo chake, hivyo hizi zitalindwa huko hadi mwisho wa mwaka 2043. Kwa hiyo usiuze hadithi inayotumia watu na mahali pake, na juu ya kazi yako utaje wazi ni ulimwengu wa nani. Kisa cha Liyongo ni urithi wa wote, na kitabu cha Alice, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1865, hakilindwi tena. Picha za filamu na nembo zake ni mali ya wengine, chora zako.

Hatua ya nane: isome kwa sauti kwa watu wawili

Mmoja awe anaijua asili kama anavyoijua njia ya nyumbani kwao, na mwingine awe hajawahi kuisikia. Wasomee kila mmoja peke yake. Wa kwanza mwulize ni katika sentensi ipi alitambua kwamba tumeiacha njia ya asili. Akiitaja sentensi iliyo mbali na ile uliyoikusudia, ama umefichua mapema ama umechelewa, na unajua pa kurekebisha. Mwulize pia kama kuna mhusika aliyesema neno ambalo yeye asingelisema, na hapo usijitetee, rudi kwenye sehemu ya pili ya daftari lako. Wa pili usimwulize chochote kuhusu asili. Mwache akuulize yeye. Akitaka kujua kilichompata yule kaka aliyekuwa akibeba kuni, mpe kitabu.